Mjamzito akigoma chanjo msikimbilie kumwita mjinga, muulizeni anaogopa nini (uzi mrefu kidogo)

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi umekaa kichwani siku nyingi, leo niko off nimeona niuteremshe. Mi ni mkunga, kazi yangu ya kila siku ni kliniki ya wajawazito, mikono niliyoichoma sindano ya pepopunda haina idadi, kwa hiyo siongei kwa kusoma tu mitandaoni.

Nianze na kukiri kosa. Miaka yangu ya mwanzo kazini mama akigoma sindano nilikuwa namfokea. "Mama unataka mtoto afe?" Hiyo ndo ilikuwa elimu ya afya niliyokuwa natoa. Wengine walikubali kwa uoga, wengine waliinuka na mikoba yao wakaondoka na hawakurudi hata kwa mahudhurio yaliyofuata, yaani chanjo nimekosa, presha yake sijapima, damu sijaangalia, na mtoto amegeuka au hajageuka sijui. Nilikuwa najiona nachapa kazi kumbe nafukuza watu.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja wa mimba ya pili. Ameshapandisha mkono wa gauni mpaka begani, pamba ya spiriti imeshapita, mi nageuka kuchukua sindano, narudi nakuta ameshusha mkono wa gauni anafunga kifungo. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa upole kabisa wala hakupandisha sauti: "Sista, wiki mbili zilizopita nilikuja hapa hapa kichwa kinaniuma, mkaniambia nisimeze dawa yoyote kiholela, mkanitajia vidonge vinavyoweza kumdhuru mtoto. Leo mnataka kunichoma kitu ambacho hata jina lake hamjaniambia. Sasa nishike lipi?"

Aisee nilibaki na sindano mkononi sina jibu.

Maana alikuwa na haki. Miezi tisa yote sisi wenyewe tunamfundisha mjamzito kuogopa. Pombe acha, sigara acha, dawa hii weka chini, ukienda kupigwa eksirei sema una mimba. Anafuzu somo. Halafu siku ya chanjo tunataka alisahau lote ndani ya dakika moja, akisita tunasema haelewi. Kumbe ameelewa kuliko tulivyotaka.

Na uoga huu haukuanguka toka mawinguni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilitoka dawa inaitwa thalidomide, wajawazito walipewa kwa ajili ya usingizi na kichefuchefu, ikasifiwa kwamba ni salama hata kwa mama mjamzito. Ilipoanza kuondolewa sokoni 1961 tayari maelfu ya watoto walikuwa wameathirika, hesabu inayotajwa duniani ni zaidi ya 10,000, wengi mikono na miguu haikukamilika. Baada ya hapo dawa zikaanza kukaguliwa kwa ukali, sawa, hilo zuri. Ila kukatokea na jingine, wajawazito wakawekwa pembeni kwenye majaribio. Marekani mwaka 1977 mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa mwongozo wa kuwaondoa wanawake wote wanaoweza kushika mimba kwenye majaribio ya hatua za mwanzo. Nia ilikuwa kuwalinda, matokeo yake kila kitu kipya kikitoka wa mwisho kupata majibu ni mjamzito. Kwa hiyo mama akikuuliza "hii imejaribiwa kwa wenye mimba?" ameuliza swali la maana sana.

Tatizo ni kwamba uoga huo huo unabebeshwa chanjo ambazo majibu yake yapo miaka mingi. Chukua pepopunda. Mbegu za kile kijidudu zinakaa kwenye udongo miaka na miaka. Kitovu kikikatwa na kitu kichafu zinaingia. Mtoto siku mbili za kwanza ananyonya vizuri kabisa, mnafurahi, kisha kuanzia siku ya tatu hivi taya zinakaza, anatafuta titi anashindwa kulishika, baadaye ukimgusa tu au mlango ukibamizwa mwili wote unakakamaa kama ubao, na macho yake yanakuangalia maana akili iko sawa. Mimi nimeiona mara moja tu na siombi kuiona tena. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda ndani ya mwaka huo mmoja. Mwaka 2018 makadirio yalikuwa 25,000. Tusidanganyane, chanjo haikufanya yote peke yake, kuna kujifungulia pasafi na kukata kitovu kwa kifaa safi, lakini sindano ya mama ndo imebeba sehemu kubwa.

Inavyofanya kazi ni hivi, mama akichanjwa mwili wake unatengeneza kingamwili, yaani askari wa kupambana na kijidudu, inachukua kama wiki mbili, kisha zinavuka kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, na zinavuka kwa wingi zaidi miezi mitatu ya mwisho. Mi huwa nawaambia ni masurufu ya safari. Mtoto anatoka kafungiwa masurufu na mama yake yamsogeze mpaka aanze kuchanjwa mwenyewe. Chukua kifaduro, chanjo yake ya kwanza anaipata kwenye wiki ya sita au mwezi wa pili kutegemea na ratiba ya nchi, na wanaokufa zaidi kwa kifaduro ni hao hao wa chini ya miezi mitatu. Uingereza kiliwalipukia 2012, wakafa watoto wachanga 14, ikabidi Oktoba mwaka huo huo waanze kuwachanja wajawazito. Walipokuja kupima, kinga kwa watoto wa chini ya miezi mitatu ilikuwa kwenye asilimia 90 hivi.

Siku hizi nafanyaje. Namtajia jina la chanjo na inazuia nini, namwambia leo ndo siku yake. Akisita naweka sindano mezani, nakaa, namuuliza "mama, kinachokutia wasiwasi hasa ni nini?" halafu nanyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu wakuu, mdomo unawasha. Mama mmoja niliwahi kumuandalia hotuba nzima ya kingamwili kumbe yeye anaogopa sindano tu, akiiona anazimia. Tukamlaza, akageukia ukutani, tukamaliza.

Karibuni, hata wenye hoja za kupinga, ila matusi hapana.

#2

Siti ya mbele. Uko vizuri ila umeruka kile wanawake wanachosema chini chini, hii ya pepopunda si ndo ile ya kufunga kizazi? Mbona kampeni wanachomwa wanawake tu? Kenya 2014 maaskofu walisema wazi wazi.

#3 – Mleta uzi

Nilijua mtalileta. Ni kweli 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki Kenya walitilia shaka kampeni ya pepopunda, wakasema kuna sampuli zimekutwa na hCG, ile homoni ya mimba. Serikali, WHO na UNICEF wakakanusha. Na haikuwa mara ya kwanza, uvumi wa namna hiyo ulishapita Mexico na Ufilipino miaka ya 1990.

Una chimbuko lake na mi huwa sifichi. India kulikuwa na watafiti ambao kweli kabisa walikuwa wanajaribu kutengeneza chanjo ya kuzuia mimba kwa kuunganisha hCG na protini ya pepopunda. Utafiti wa wazi, umeandikwa kwenye majarida, na haikuwa chanjo ya kliniki. Watu wakasikia "pepopunda" na "kuzuia mimba" kwenye sentensi moja, basi.

Kuhusu zile sampuli, vipimo vya hCG vinavyotumika maabara za kawaida vimetengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu. Chanjo ni kitu kingine, ina aluminiamu na vihifadhi, ukiitia humo majibu si ya kutegemea. Kile kipimo cha mimba ukikidondoshea maji ya betri mistari miwili ikatokea utasema betri ina mimba?

Mbona wanawake tu: kwa sababu kampeni ile inamlenga mtoto mchanga na njia ya kumfikia ni mama yake. Wanaume wanachomwa pepopunda utotoni na wakiumia pia, ila hakuna anayeitangaza. Na mi hapa nawapokea waliochomwa mimba ya kwanza wanarudi na ya pili, ya tatu, kadi zao napanga mwenyewe mezani.

#4

Mleta uzi unaongea vizuri sana ila yasikukute. Mke wangu alichomwa Jumatatu, Jumamosi mimba ikatoka. Wiki ya tisa. Usije ukaniambia ni bahati mbaya.

#5 – Mleta uzi

Pole sana kaka, kwako na kwake. Sitakuambia hivyo.

Nitakuambia ninachokijua na uamuzi ni wako. Katika mimba 10 zinazojulikana, moja mpaka mbili hutoka zenyewe, nyingi ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na sababu kubwa kuliko zote ni hitilafu ya kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) inayokuwepo tangu mimba inatungwa, yaani wiki nyingi kabla ya ile Jumatatu. Ukiwachanja wanawake wengi walio wiki ya tisa lazima watakuwepo ambao mimba ingetoka wiki hiyo hata kama ungewachoma maji matupu. Ndo maana watafiti hawaangalii mtu mmoja, wanawaweka waliochanjwa na wasiochanjwa kwa maelfu wanalinganisha, na kwa pepopunda, mafua na Covid haikuonekana kwamba waliochanjwa mimba zao zinatoka zaidi.

Najua hesabu haimfuti mtu machozi. Naomba kuuliza, baada ya mimba kutoka kuna yeyote alikaa na mkeo akamuelezea?

#6 (yule wa #4)

Hakuna. Walimwambia "utapata mwingine" wakaita jina linalofuata.

#7 – Mleta uzi

Basi hapo sisi ndo tulikosea. Na angejuaje kama sio sindano wakati ndicho kitu pekee alichofanyiwa wiki ile na hakuna aliyempa maelezo mengine? Akipenda aende aombe kuonana na daktari wa wanawake aulize swali hilo hilo, asiende peke yake, nenda naye.

#8

Mimi sina shida na hizo za zamani. Shida yangu ni ya Covid. Ilitoka chap chap, wajawazito hawakuwepo kwenye majaribio, baadaye ghafla "wajawazito njooni". Mlitufanya panya wa maabara.

#9 – Mleta uzi

Nusu uko sahihi na nusu hiyo nakupa bila ubishi. Majaribio makubwa ya 2020 hayakuwachukua wajawazito, ni yale yale ya thalidomide niliyosema juu. Takwimu za kwanza zilitoka kwa waliogundulika wana mimba wakati jaribio linaendelea, na kwa wahudumu wa afya wajawazito waliochagua kuchanjwa mapema. Uingereza mwanzoni waliambiwa wasubiri, Aprili 2021 wakaambiwa wachanjwe. Mtu akiona kauli imegeuka ndani ya miezi minne lazima ashtuke, ningeshtuka na mimi.

Ila ugonjwa wenyewe haukusubiri. Mjamzito mapafu yanabanwa na tumbo, moyo unafanya kazi ya ziada, homa ya mapafu ikimpata inampata vibaya, hata mafua ya kawaida ni hivyo hivyo ndo maana tangu 2012 WHO inawaweka wajawazito mstari wa mbele kabisa kwenye chanjo ya mafua. England kati ya Julai na Septemba 2021, karibu mmoja kati ya kila wagonjwa watano wa Covid waliowekwa kwenye ile mashine inayofanya kazi ya mapafu nje ya mwili alikuwa mjamzito ambaye hajachanjwa. Walikuwa wanangoja uhakika. Siwacheki hata kidogo, nasema tu kungoja nako kulikuwa ni kuchagua, na hakuna aliyewaambia hivyo mapema kwa lugha ya kueleweka.

#10

Mkunga mwenzio hapa. Nakuheshimu ila unaongea kama una wamama watatu kwa siku. Foleni imetoka nje ya mlango, niko peke yangu, huo muda wa kukaa na kunyamaza nautoa wapi?

#11 – Mleta uzi

Hapo umenigusa penyewe dada yangu. Si kila siku naweza, zipo siku nachoma tu kama fundi cherehani. Nilichojaribu mimi ni kuwatangulia. Wakiwa bado kwenye benchi natoka nasema leo kuna chanjo fulani, inazuia hiki, mkono utauma siku moja mbili na wengine homa kidogo, anayetaka kuuliza aulize sasa. Akiuliza mmoja watano wamejibiwa. Kwenye chumba wanabaki wachache wenye jambo zito. Na kuna wengine hawaogopi chochote, wamechoka foleni tu, mtu kashakaa toka asubuhi unamwambia chanjo njoo Alhamisi, Alhamisi haji, halafu tunaandika "amekataa". Hajakataa huyo.

Na waume mtuache tupumue, mtu anakuja anasema "mume wangu kasema nisichomwe" ukimpigia huyo mume anakuambia alimsikia mtu kazini.

#12

Samahani nimesoma uzi wote kimya kimya. Niko wiki ya 33, wamenipangia ya pepopunda na kifaduro ambazo ziko kwenye sindano moja, halafu ya mafua. Maswali yangu: kijidudu kilicho ndani ya sindano hakiwezi kumuambukiza mtoto? Nilichomwa hizi mimba iliyopita, za nini tena? Na kuna dawa iliwahi kunitoa vipele mwili mzima na midomo ikavimba, sikumbuki jina.

#13 – Mleta uzi

Hongera mama. Hizo ulizopangiwa hazina kijidudu hai, ni vipande tu au kilichouawa, hakiwezi kuzaliana. Zipo zenye virusi hai waliodhoofishwa, ya surua na rubela, na ya tetekuwanga, hizo hatukupi mpaka ujifungue. Hili huwa nalisema kwa makusudi, mama akijua zipo chanjo tunazomnyima anaona hatuchomi ovyo kila kinachokuja mkononi. Na cha ajabu rubela ndo ugonjwa mbaya kuliko mingi kwa mimba, Marekani mlipuko wa 1964 na 1965 uliacha watoto kama 20,000 wamezaliwa na matatizo ya macho, masikio na moyo. Kwa hiyo chanjo yake inachomwa kabla, unakaa mwezi mmoja ndo unashika mimba.

Kurudia: kingamwili za kifaduro zinashuka haraka, masurufu ya yule wa kwanza hayamfai huyu, kwa hiyo kila mimba. Mafua nayo virusi wanabadilika, kila msimu. Pepopunda yenyewe peke yake ndo inahesabiwa, ukishatimiza dozi tano kwa nafasi zinazotakiwa zinakutosha umri wote wa kuzaa, usitupe kadi zako za zamani.

La mzio mwambie nesi KABLA hajavuta dawa kwenye bomba. Kuvimba midomo sio jambo la kujibiwa na mtu usiyemwona mtandaoni, hata mimi.

#14 (yule wa #12)

Nimerudi. Nilienda na maswali yangu kwenye karatasi. Mawili ya kwanza nesi alijibu kama ulivyojibu. Lile la mzio akasema "hapa mama sina uhakika, ngoja", akatoka, alikaa muda mrefu mpaka nikadhani kanisahau, akarudi na daktari wakanihoji ilikuwa dawa ya nini, waliona inaelekea ni antibayotiki na haihusiani na hizi. Kusema kweli aliposema hana uhakika ndo nilianza kumuamini.

Ya pepopunda na kifaduro nimechoma, wamenikalisha nusu saa kuniangalia, mkono unauma nikilalia upande huo. Ya mafua nimeomba wiki moja niwaze, hawakunigombeza.

#15 – Mleta uzi

Wiki moja sawa mama. Bega likizidi kuuma weka kitambaa cha baridi, homa ikija paracetamol unaruhusiwa, usiikalie homa na mimba. Tuambie wiki ijayo umeamuaje.